Kebo ya kutoka intafesi hadi mixa: tazama matundu kabla ya bei

Ala zinacheza kutoka kwenye laptopu, ngoma ya mguu haina nguvu, na sauti ya mwimbaji aliyerekodiwa imemezwa kabisa, umebaki mwangwi wake tu. Kwaya inageuka kumtazama fundi wa mitambo, naye anaanza kulaumu spika au faili. Mara nyingi mkosaji ni kebo moja ya bei rahisi: jeki ya stereo iliyochomekwa kwenye tundu la hedifoni la intafesi, kile kisanduku kinachotoa sauti ya laptopu, na upande wa pili ukaingizwa moja kwa moja kwenye chaneli moja ya mixa.

Jeki kubwa ya milimita 6.35 yenye mistari miwili myeusi, yaani TRS, ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Umbo ni hilo hilo, lakini kazi ni mbili. Kwenye hedifoni, ncha hubeba upande wa kushoto na pete hubeba kulia. Kwenye tundu la laini la mixa, ncha na pete zinatarajiwa kubeba sauti ile ile moja, pete ikiwa imepinduliwa. Mixa hutoa moja kutoka kwa nyingine, na kelele iliyoingia njiani ikafutika kwa sababu iko sawa kwenye waya zote mbili. Hiyo ndiyo balansi. Ukiipelekea stereo, inafuta kilicho sawa kushoto na kulia, na kwenye nyimbo nyingi hicho ni mwimbaji, besi na ngoma ya mguu.

Basi achana na tundu la hedifoni. Geuza intafesi, tazama nyuma: kuna matundu mawili ya laini, 1 na 2 au L na R. Yanahitaji kebo mbili, moja kwa kila upande, ziingie chaneli mbili za mixa, moja ikiwa imesukumwa kushoto kabisa kwa kitufe cha PAN na nyingine kulia. Kama matundu hayo ni ya balansi na mixa ina nafasi ya LINE, nunua TRS kwa TRS na kazi imeisha. Usinunue kebo ya Y ili kuunganisha L na R ziwe tundu moja. Vitoa sauti viwili vitasukumana, sauti iharibike. Ukitaka mono, ifanye ndani ya programu, kisha tumia tundu moja.

Panapoleta shida zaidi ni mixa iliyobakiwa na matundu ya XLR peke yake, yale ya mviringo ya maikrofoni. Hapo kebo ni TRS kwa XLR dume, ile yenye pini tatu zinazoonekana. Lakini XLR ya mixa ndogo imetengenezewa maikrofoni. Intafesi ya kiwango cha kitaalamu hutoa karibu volti 1.23, wakati maikrofoni hutoa milivolti chache tu. Teremsha gaini hadi mwisho, bonyeza PAD, kitufe cha kupunguza sauti inayoingia, kama ipo. Halafu kuna volti 48 za fantomu, umeme ambao mixa huupeleka kwenye maikrofoni kupitia kebo ile ile. Kwenye mixa nyingi ndogo kitufe kimoja huwasha fantomu kwa XLR zote, kwa hiyo ukiiwasha kwa ajili ya maikrofoni ya kondensa ya kwaya, umeisukuma pia kwenye vitoa sauti vya intafesi. Nyingine huvumilia, nyingine huungua. Bora umhamishe mwenye maikrofoni kwenye XLR hizo na kuiachia intafesi jeki za LINE, au uweke katikati kisanduku cha DI chenye transfoma, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha waya za pande mbili moja kwa moja.

Intafesi za zamani au za bei nafuu zenye RCA, matundu madogo kama ya deki na redio za nyumbani, hazina balansi. Tumia RCA kwa jeki ya TS, ile yenye mstari mmoja, na usivuke mita 5. Kiwango chake pia ni cha chini, takriban volti 0.316, hivyo kupandisha gaini kidogo si kosa. Kebo ya balansi haina wasiwasi huo: mita 25 kutoka madhabahuni hadi meza ya nyuma ya kanisa inafika salama.

Mvumo mzito usiokoma si wa kebo kila wakati. Chomoa chaja ya laptopu kwa nusu dakika. Mvumo ukikoma, tatizo ni waya wa ardhi unaozunguka kati ya soketi mbili, na umeme wetu wa hezi 50 unasikika ndani yake. Chomeka laptopu na mixa kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka DI yenye transfoma na ubonyeze swichi ya kutenganisha ardhi. Kuvunja pini ndefu ya plagi ili mvumo uishe ni mchezo wa mauti kwenye volti 240. Na huku kwetu Kisumu, Kakamega na Kisii, radi ya alasiri ikianza, chomoa plagi na pia ile kebo ndefu ya jukwaani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Dukani, iwe Nakuru au Kisumu, usikubali jibu la "zote ni moja tu". Fungua skrubu ya kichwa. Unataka kuona waya mbili ndani ya wavu wa shaba uliosukwa vizuri, risasi ya kuchomelea inayong'aa, na kibano kinachoshika ganda la kebo ili uzito usivute waya. Kichwa kilichoyeyushiwa plastiki hakifunguki, kwa hiyo kikikatika kimekufa. Kebo ya spika haina wavu huo, hata ikiwa nene namna gani. Beba kipimo cha umeme (multimita): kwa TRS hadi XLR, ncha iguse pini 2, pete pini 3, shina pini 1, na pasiwe na mguso mwingine wowote.

Mkwaruzo ukianza baada ya miezi, shusha feda kwanza, kisha zungusha jeki ndani ya tundu mara tatu au nne. Ukiisha, ilikuwa kutu au vumbi. Futa jeki kwa spiriti safi na uiache ikauke. Ukirudi kila unapokunja kebo karibu na kichwa, waya umekatika ndani. Kata sentimita 5 na uchomelee kichwa upya.