Kabla hujaweka pesa ya harusi kwenye bonasi ya kasino

Ndugu yangu, nimekusoma. Harusi ni Desemba, bajeti ni shilingi 620,000 kwa wageni 300, mkononi mna 440,000. Sasa kasino moja ya mtandaoni inasema ukiweka 10,000 nayo inakuongezea 10,000, na unauliza kama masharti yake yanafaa na kama unaweza kuziba pengo kwa njia hiyo. Nakuomba usifanye. Mimi nilifanya, zikiwa zimebaki wiki sita nifunge ndoa hapa Nairobi.

Nilichukua 10,000 kwenye pesa tuliyotenga kwa suti za wasimamizi. Akaunti ikasoma 20,000, moyo ukatulia. Masharti sikuyasoma. Ningeyasoma ningekuta kwamba pesa yangu pamoja na bonasi lazima izungushwe mara 35, yaani nicheze madau yenye jumla ya mara 35 ya pesa hiyo, ndipo niruhusiwe kutoa. Hebu chukua kalamu. 20,000 mara 35 ni 700,000. Hayo ndiyo madau unayodaiwa, na yanapita bajeti yenu nzima ya harusi.

Sloti, ule mchezo wa kubonyeza picha zizunguke, inayojitangaza kwamba hurudisha asilimia 96 hubaki na shilingi 4 katika kila 100 unazocheza. Katika 700,000, inabaki na 28,000. Wewe una 20,000. Kwa wastani, basi, pesa yako na ile uliyoongezewa zitakwisha kabla hujamaliza sharti. Wapo wanaomaliza, kwa sababu sloti hupanda na kushuka, lakini huwezi kumwahidi mpishi kitu cha namna hiyo.

Tazama pia muda. Mimi nilipewa siku 7. Kwa dau la shilingi 50, 700,000 ni kubonyeza mara 14,000, yaani 2,000 kila siku. Nilibonyeza kwenye matatu, nikabonyeza wakati wa chakula cha mchana, nikabonyeza usiku hadi macho yakauma. Ukifikiri utakimbilia ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, kwa sababu makato yake ni madogo, soma kifungu cha michezo inayohesabiwa. Ruleti yenye sifuri moja ina namba 37, na kasino hubaki na takriban asilimia 2.7. Lakini kwenye masharti yangu ruleti ilihesabiwa kwa asilimia 10 tu, kwa hiyo dau la 100 lilipunguza deni la mzunguko kwa 10. 700,000 ikageuka kuwa milioni 7.

Lililoniumiza zaidi ni kikomo cha dau. Siku ya nne nilifika 31,000, nikaomba kutoa. Nikajibiwa kwamba mzunguko haujakamilika, na kwamba dau langu moja la 600 lilivuka kikomo cha 500, hivyo bonasi na ushindi wote umefutwa. Leseni yao ilikuwa ya Curaçao, kisiwa cha Karibiani, na mimi nimekaa mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Ningemshtaki wapi? Kwa hiyo ukitaka kupima bonasi yoyote, tafuta mambo haya kwanza: inazidishwa mara ngapi, na inazidisha bonasi peke yake au pamoja na pesa yako, siku ngapi, kikomo cha dau, kiwango cha juu cha kutoa, na leseni ni ya nchi gani. Na kama umeshaweka chochote huko, usiongeze nyingine kuifuata.

Nilimweleza mchumba wangu tukiwa tumeketi Arboretum. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akatoa orodha ya wageni kwenye mkoba akaniuliza, "Hawa wote tunawajua?" Swali lile ndilo lililookoa harusi yetu.

Maana harusi nayo ina namba yake inayozidisha kila kitu, nayo ni idadi ya wageni. Gauni, mpiga picha na gari bei yake ni ileile waje 100 au 300. Chakula, soda, viti, ukubwa wa hema na keki vinafuata vichwa. Umeandika sahani ni 900. Ongeza kinywaji, kiti na sehemu ya hema, kila mgeni anakugharimu kama 1,100. Ukipunguza wageni 120, umeokoa 132,000. Pengo la 180,000 limebaki 48,000, na hujamkopa mtu.

Kupunguza majina kunauma, najua. Sisi tulianza na wafanyakazi wenzetu wa zamani, kisha marafiki wa wazazi ambao hawatujui kwa sura. Mama mkwe alikasirika, tukaenda wenyewe kumweleza, na mjomba mmoja akatusaidia kumtuliza. Mazungumzo hayo msiyafanye kwa simu.

Zile 48,000 zitapatikana kwenye vitu vya kawaida. Viazi na mboga zinunuliwe Marikiti alfajiri, maua City Market, vitambaa Eastleigh. Kadi za karatasi wapeni wazee tu, wengine watumieni kwa WhatsApp. Hata hivyo chungeni kamati: yetu iliahidi 240,000, iliyofika kabla ya siku yenyewe ikawa 155,000. Ahadi isiingie kwenye bajeti hadi ionekane kwenye M-Pesa. Na mikutano ya kamati ina chai na nauli zake; iwe michache.

Mkiona bado ni mzigo, mnaweza kufunga ndoa ya kiserikali kwanza kwa msajili wa ndoa pale Sheria House na kuwakaribisha watu baadaye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka notisi ya siku 21, kwa hiyo msingoje Desemba ifike ndipo mwanze kushughulikia karatasi.

Leo jioni kaa na mchumba wako, mpitie orodha jina kwa jina kabla kamati haijajua lolote. Na hiyo 10,000 mpelekee mpishi kesho kama malipo ya kwanza, akuandikie risiti yenye tarehe ya harusi na bei ya sahani.