Polima yako imegoma kuyeyuka? Kaa hapa nikuambie yaliyonikuta

Wiki iliyopita dogo mmoja wa masters kaniandikia usiku saa tano, "kaka aramidi yangu imekataa kuyeyuka, nataka kubadili topiki." (Aramidi ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli ndogo, ambamo pete za benzini zimeungwa kwa amaidi, kiungo cha kaboni na naitrojeni.) Nikacheka, alafu nikanyamaza, maana hayo maneno niliyasema mimi mwenyewe nikiwa nimekaa Wandegeya, Kampala, na rolex (chapati ya mayai) imenipolea mkononi.

Mi nlianza na kiburi. Nlitaka kitu cha ukoo wa Kevlar, ile ya fulana za kuzuia risasi: mnyororo ulionyooka kama rula, pete za benzini zimeungwa kwa para (ncha zinazotazamana), na kila amaidi imeshikana na ya mnyororo wa jirani kwa vifungo vya haidrojeni. Nlichopata ni unga wa njano uliojitenga kwenye chupa kabla mnyororo haujarefuka. Nikajaribu viyeyushi vya maabara: DMAc ikakataa, NMP ikakataa, DMSO ikakataa. Kevlar yenyewe kiwandani inayeyushwa kwa asidi ya salfuri kali, na ukiipasha moto haiyeyuki, inavunjika-vunjika tu ikikaribia nyuzi 500. Sasa mi na hio asidi ningeenda wapi kwenye maabara ambayo feni ya kutoa moshi inazunguka siku ikijisikia?

Msimamizi wangu akaushika ule unga mbele ya wenzangu akasema, "Huu ni mchanga, rudi kwenye sabuni." Wakacheka. Imepita miaka lakini bado nawakumbuka kwa sura, wote.

Miezi saba siwasimulii, ilikuwa ni kuosha vyombo. Nlipoelewa ndipo nlipopona: mnyororo mmoja mmoja hauna shida, shida ni minyororo inavyopangana kama matofali, kiyeyushi hakipati mlango wa kuingilia. Kwa hio vuruga mpangilio. Weka oksijeni ya itha katikati ya pete mnyororo upate kiwiko, au tumia meta (ncha zilizopinda, hazitazamani) badala ya para kama walivyofanya kwenye Nomex, aramidi ya nguo za wazima moto, au bandika kitu kinene pembeni, matawi ya butili, fenili, CF3 (kaboni yenye florini tatu), hata fluoreni, ili minyororo isilaliane.

Mi CF3 sikuiweza, bei yake ssebo! Nikachukua TBHQ, ile ile inayotiwa kwenye mafuta ya kupikia yasichache, ina kundi la butili lenye matawi tayari. Nikaiunganisha na kloronaitrobenzini kwa potasiamu kabonati, nikageuza naitro kuwa amini, nikapata daiamini (molekuli yenye amini mbili) yenye itha mbili na butili yake pembeni. Hio na mwenzake wa kuungana naye, asidi ya isofthaliki, pamoja na trifenili fosfaiti, piridini, kalisi kloridi, ndani ya NMP, saa tatu kwenye nyuzi 100 na kitu. Safari hii chupa ilibaki nzito kama asali. Nikamimina kwenye methanoli, zikatoka nyuzinyuzi nyeupe, nikaziweka kwenye DMAc bila hata kupasha moto, zikapotea! Nlipiga kelele askari akaja kuangalia.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaopenda njia ya mkato. Ukivuruga sana unalipa. Kila itha unayoongeza inashusha joto la kulegea, yangu ilianza kulegea kwenye nyuzi 230 hivi wakati Nomex iko karibu 270, kwa hio usilegeze uti wa mgongo wote, afadhali unenepeshe pembeni. Na pima monoma zako (zile molekuli ndogo unazounganisha) vizuri! Upande mmoja ukizidi kwa asilimia 2 tu, hesabu inasema mnyororo hautavuka kama vipande 99 hata upike mpaka kesho, na NMP inanyonya maji, kausha. Vijana mnalaumu kemia wakati mizani hamjaisafisha tangu Januari, mnaandika kwenye karatasi za chapati, alafu mnataka kubadili topiki. Topiki imekukosea nini?

Dogo, nitumie mchoro wa daiamini yako, nadhani una para pande zote mbili kama mi nlivyokuwa.

Filamu yangu ya kwanza bado iko kwenye daftari, safi, unasoma maandishi kupitia ndani yake. Mwaka jana yule msimamizi wa mchanga alinipigia akaomba kipande aonyeshe wageni wake. Nikamkatia, kadogo, kama ukucha.