Chakula hakipiti, lakini sindano usiiruke

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa asubuhi nimeusoma mara tatu: "Mama, homa na mafua siku ya pili, chakula hakipiti. Kama sili, si niache insulini leo?" Nimeona nikuandikie, ili uyasome haya tena usiku ukiwa peke yako huko Nairobi.

Usiache, kisukari chako hakiruhusu. Swali hilo hilo nilijiuliza mimi ulipokuwa na miaka 12, na jibu nililojipa nusura linipokonye wewe. Ulishikwa na mafua makali, hata uji ukawa unautapika. Nikasema moyoni, tumbo tupu hili, nikimdunga insulini, sukari itashuka azimie. Nikaruka sindano ya jioni, nikaruka na ya asubuhi. Mashine ya kupimia tulikuwa nayo, sikuitoa hata mkobani. Usiku wa pili nilikuinamia kukufuta jasho, nikasikia mdomo wako unanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ulikuwa unahema kwa nguvu na kwa haraka, kama mpiga mbizi aliyeibuka sasa hivi. Ukaniita kwa jina la dada yako. Baba yako alikubeba mgongoni, vichochoro vya Langoni giza tupu, mimi nyuma na tochi, punda wamelala njiani tunawapita kwa ubavu.

Ulitiwa dripu ya maji na insulini ya mshipani, na kila baada ya saa chache wakakutoa damu kuangalia potasiamu, maana insulini huiingiza ndani ya seli, na ikipungua sana kwenye damu moyo huwa hatarini. Daktari akanikalisha kwenye benchi akanifahamisha: sukari haitoki kwenye sahani peke yake. Mtu akiugua, mwili hutoa homoni za kupambana na maradhi, nazo hulifanya ini limwage sukari kwenye damu. Wewe kongosho lako halitoi insulini ya kuifikisha kwenye seli. Seli zinashinda na njaa katikati ya sukari, mwili unageukia mafuta, na mafuta hayo hutoa ketoni, ambazo zikizidi huifanya damu kuwa na asidi. Harufu ile ndiyo hiyo.

Kwa hiyo sindano ya insulini ya muda mrefu, ile inayofanya kazi mchana na usiku, usiiruke hata mara moja. Ile ya haraka unayodunga wakati wa chakula, mpigie daktari wako leo akupangie kwa kufuata vipimo. Pima sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, usiku pia, tega kengele. Ketoni pima hata kama sukari haijapanda sana. Kwa damu, kwa milimoli kwa lita, chini ya 0.6 ni sawa, ikifika 1.5 mpigie daktari papo hapo. 3 ni hospitali bila kungoja. Ukitumia vijiti vya mkojo, alama mbili za kujumlisha tayari ni hospitali. Maji kunywa funda kwa funda, kila saa, hata usipoyatamani. Dafu lina sukari yake, liache mpaka sukari iwe chini. Hapo hata chai ya sukari ni dawa.

Na ukitapika bila kukoma, tumbo likakukata, au ukianza kuhema vile, usingoje hata kupima. Nenda hospitali.

Najua shangazi yako atakwambia yeye akiugua husimamisha dawa. Ni kweli, kwani yeye anameza vidonge vya kisukari vya metformini, na mtu akitapika na kukaukiwa maji huambiwa aisimamishe kwanza. Ugonjwa wenu jina moja, dawa mbalimbali. Usifuate yake.

Mpe jirani ufunguo wa chumba leo, kabla ya Magharibi, na umwambie una kisukari. Ukishapima saa nne usiku nitumie namba zote mbili, sukari na ketoni. Simu nimeiweka chini ya mto, na sitalala mpaka nizione.

Mama yako,
Lamu