Kabla hujaandika "eko ya kawaida"

Wadogo zangu wa chumba cha eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), wiki hii imenifikia ripoti ya kijana aliyezimia uwanjani. Kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo) mawimbi ya T, yale ya mwisho wa kila pigo, yamezama chini kuanzia V3 hadi V6, sehemu za mchoro zinazosomwa mbele na kushoto mwa kifua. Ripoti ya eko inasema kawaida. Jamani! ECG ya namna hiyo ikukumbushe HCM, ugonjwa wa kurithi unaonenepesha misuli ya moyo.

1. Soma ECG kabla hujapaka jeli. Miaka ya nyuma tulimpima dada mmoja mwenye ECG ya namna hiyo. Septamu (ukuta kati ya ventrikali mbili, vyumba vya chini vya moyo) ilikuwa na unene wa 10 mm, tukamruhusu. Probu (kifaa cha eko kinachowekwa kifuani) ilikaa juu zaidi ya ncha ya moyo, kwa hiyo ventrikali ya kushoto ilionekana fupi na ya mviringo, na ncha yenyewe haikuonekana kabisa. Akaenda kutibiwa vidonda vya tumbo, kifua kikiendelea kumbana. Aliporudi alilazwa vizuri ubavu wa kushoto, probu ikashushwa nafasi moja ya mbavu, na ugonjwa ukajitokeza: misuli ya ncha unene wa 19 mm, tundu la ventrikali limechongoka kama shupaza ya karata. HCM ya ncha. Wajapani waliieleza tangu miaka ya 1970, na ilikuwa palepale tulipopima. Muda wote huo watoto wake wawili hawakuwa wamepimwa. Hilo linaniuma hadi leo.

2. Unene wa ukuta unaoashiria HCM kwa mtu mzima ni 15 mm au zaidi bila sababu nyingine. Kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, 13 mm zatosha kushtuka. Pima mwisho wa diastoli (moyo unapomaliza kujaa damu), kutoka kwenye valvu hadi nchani, na usijumlishe misuli ya ventrikali ya kulia. Presha uliza kwanza, maana nayo hunenepesha ukuta.

3. Gradienti (tofauti ya presha pale damu inapotoka ventrikali ya kushoto) ya mgonjwa aliyetulia haikupi jibu lote. Mfanyishe Valsalva, yaani ajikaze kwa kupuliza pumzi iliyozuiwa. Kuna mzee tulimwambia "jikaze", akawa anakohoa tu. Tulipompa bomba la sindano la 10 ml apulize, gradienti ikapanda kutoka 18 hadi 64 mmHg. Ikifika 50 na mgonjwa ana dalili, mwite daktari hapohapo.

4. Ncha isipoonekana, omba MRI (picha ya sumaku) yenye gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Itakuonyesha na kovu.

5. Mgonjwa akiwa na jeni yenye kasoro, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Watoto na vijana warudi kila mwaka 1 hadi 2, watu wazima kila miaka 3 hadi 5, hata eko ya kwanza ikiwa safi. Mgonjwa asitoke chumbani kabla hujaandika ana wazazi, ndugu na watoto wangapi, na nani kati yao alikufa ghafla.