Muulize Shangazi: Mwanangu anataka hadithi, simu haitaki

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka tisa alitibiwa saratani ya damu Chennai, India, na tulikaa kule miezi mingi. Wodini alikuwa akija mama mmoja wa makamo na mfuko wake wa kitambaa. Anavuta kiti katikati ya vitanda, anatoa hadithi kwa Kitamil na Kiingereza kidogo. Mwanangu Kitamil hajui hata cha kuomba maji, lakini siku ya mama yule hakugombana na nesi wa sindano. Sasa tumerudi Tanga, yuko kwenye vidonge, na kila usiku ananiambia nifanye kama yule bibi. Nikimpa simu atazame katuni, anaisukuma. Je, ile ilikuwa sehemu ya matibabu au burudani tu? Na mimi nisiye na hadithi nifanyeje?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa yote. Nianze na matibabu, maana hawakosi watu wa kukuuzia maneno. Hadithi haiui saratani. Vidonge vyake apewe kwa saa yake, na kliniki asikose. Lakini mtoto aliyelazwa muda mrefu kila anayemkaribia anamfanyia jambo: huyu anamchoma, huyu anampima, huyu anamgeuza. Nadhani yule mama ndiye mtu pekee mle wodini aliyetaka mtoto naye afanye kitu. Aitikie, akisie, acheke mahali pake. Hilo halihitaji Kitamil kingi.

Na hakulitoa hewani. Kusini kabisa mwa Tamil Nadu, jimbo lenye hiyo Chennai, upande wa Kanyakumari na Tirunelveli, wana utambaji unaoitwa villu paattu. Ni upinde mkubwa uliofungwa kengele, umeegemezwa juu ya chungu. Mtambaji mkuu anagonga uzi kwa vijiti viwili, mwenzake anapiga chungu, na kila mstari ukisemwa wenzake wanaitikia "aamaa", yaani ndiyo. Hadithi zenyewe nyingi si za kuchekesha. Ni za watu waliokufa vifo vya dhuluma, sasa wanaabudiwa kwenye mahekalu ya vijijini, na kifo kinasimuliwa waziwazi mbele ya ukoo na majirani. Sisi tunapenda kumwambia mgonjwa "usiwaze". Wale wanakaa usiku kucha wakiwaza pamoja, kwa sauti.

Rajasthan, kaskazini, wafugaji wa ngamia wakipata maradhi kwenye zizi humwita bhopa, mtambaji wao. Anakuja na mkewe, wanatandaza nguo ndefu iliyochorwa maisha ya Pabuji, shujaa wao anayeabudiwa. Mume anapiga zeze lake, mke anamulika kwa taa picha inayoimbwa, mpaka alfajiri. Ngamia akipona au asipopona, mwenye zizi hakuikabili shida ile peke yake. Naona hapo ndipo uponyaji wenyewe ulipo, na mwenye kuniona mjinga aniandikie, nitamchapisha.

Sasa hilo la kwamba huna hadithi. Unayo. Kima na Papa huijui? Kima wa juu ya mkuyu anamtupia papa matunda, papa anamwalika kwao, wakifika kati ya bahari anamwambia: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba mioyo yao huiacha mitini, basi warudi wakauchukue. Ilichapishwa tangu 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja, na ndugu yake anakaa India katika Panchatantra, kitabu chao cha kale cha ngano. Kule ni mamba badala ya papa, na anayetaka moyo ni mke wa mamba. Huenda yule bibi wa Chennai aliwahi kuisimulia hiyohiyo wodini na mwanao akaicheka asijue ni ya kwao.

Mpe leo usiku. Anza na paukwa, asipoitika pakawa usiendelee, kaa kimya mpaka aitike. Papa akishasema habari ya dawa, simama, umuulize yeye: kima afanyeje? Usimtungie hadithi ya mtoto mwenye saratani aliyepona, wakubwa wanaipenda mno hiyo. Akitaka kuisema habari ya damu yake ataiweka mwenyewe mdomoni mwa kima au mwa sultani, nawe uipokee bila kushtuka. Na siku ukichoka, mwambie yeye ndiye atambe, wewe uitikie.

SWALI: Shangazi, ni mwalimu wa gredi ya tatu, Kilifi. Nasikia India wameingiza hadithi katika sera ya elimu. Nimeomba simu nzuri na spika ili nirekodi wazee wetu, watoto wasikilize darasani. Nitakuwa nimefufua utambaji?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Utakuwa umehifadhi, na hilo ni jema, fanya haraka wazee wangalipo. Kufufua ni kazi nyingine. Sera yao ya 2020 kweli inataja kufundisha kwa hadithi, lakini wapo waliotangulia. Geeta Ramanujam alianzisha Kathalaya, taasisi ya utambaji, mjini Bangalore mwaka 1998, na kazi wanayoifanya ni kuwafunza walimu na wengineo kusimulia kwa vinywa vyao wenyewe. Spika haioni kwamba mtoto wa dawati la nyuma amepotea njia.

Nilisoma Hyderabad miaka ya 1980, na rafiki akanipeleka kijijini kwao kutazama burrakatha, utambaji wa Kitelugu, lugha ya kule. Kitelugu changu kilikuwa cha sokoni tu, bei na namba za basi, lakini nilifuata. Wanakuwa watatu. Wa katikati ana tambura, ala ya nyuzi, begani na pete ya chuma inayolia kidoleni, anaimba huku anacheza hatua mbele, hatua nyuma. Wawili wa pembeni wana ngoma ndogo. Wa kulia anaivuta hadithi kwenye mambo ya leo, bei ya mchele, uchaguzi, serikali. Wa kushoto ni mchekeshaji, anauliza yale maswali ya kipumbavu ambayo kila mtu anayo na anaona haya kuyauliza. Miaka ya 1940 wakomunisti waliitumia sana, mpaka Waingereza kule Madras na Nizam, mtawala wa Hyderabad, wakaipiga marufuku. Baada ya uhuru serikali nayo ikaitumia, kwa uzazi wa mpango na mengineyo.

Mwalimu, somo lako la malaria lifundishe hivyo. Wewe kati, mtoto mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa kushoto mchague yule msumbufu, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Spika iache ofisini.

SWALI: Hadithi za India ni za miungu yao. Sisi Waislamu zinatuhusu nini?
Mzazi, Mombasa

JIBU: Dastangoi ni utambaji wa Kiurdu wa huko India, na dastani yake kubwa, yaani hadithi ndefu, ni ya Amir Hamza, ami yake Mtume, pamoja na majini na wachawi wengi ambao mashekhe wako wasingewakubali. Ilipochapishwa Lucknow ilijaa majalada 46. Mtambaji mkubwa wa mwisho wa Delhi, Mir Baqar Ali, alifariki 1928 na fani ikalala naye, hadi 2005 Mahmood Farooqui alipoirudisha jukwaani akiongozwa na Shamsur Rahman Faruqi. Sasa hukaa wawili, kanzu nyeupe, hawana ala wala mapambo, sauti tu. Wametunga hata dastani ya kugawanywa kwa India mwaka 1947, na Delhi wengi wana jeraha la mwaka ule nyumbani. Kama hilo halikuhusu, sawa.

SWALI: Nitakuwa Kolkata kikazi mwezi Novemba. Niende wapi nikaone haya kwa macho?
Msafiri, Dar es Salaam

JIBU: Panda treni stesheni ya Howrah, shuka Balichak, halafu gari hadi kijiji cha Naya. Kina wachoraji waitwao patua, wengi wao Waislamu, nao wanaimba habari za miungu ya Kihindu bila tabu yoyote (mzazi wa Mombasa, unasoma?). Wana picha ndefu za kukunjua, za Manasa mungu wa nyoka, za ukimwi, na za tsunami ya Desemba 2004, wimbi lililoua maelfu Tamil Nadu na kufika hadi Somalia na kwetu. Novemba huwa na maonyesho yao. Wageni wengi hununua picha wakatundika ukutani, na mchoraji anabaki na wimbo wake mdomoni. Wewe ukichagua yako, mwombe kwanza aiimbe yote mpaka chini, kidole kikifuata picha, ndipo muanze habari ya bei.