Shati juu ya jiwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kuzuru Nchi Takatifu humwongezea mtu imani. Kwangu mimi, ndiyo, ila si pale nilipotarajia.

Nilikwenda na karatasi yenye majina 11 ya watu wa ukoo wetu: wagonjwa, waliokata tamaa, na kaka yangu ambaye hajasali tangu amzike mwanawe. Niliahidi kuyataja majina hayo ndani ya kaburi la Bwana. Katika Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, nilipanga foleni zaidi ya saa nzima. Zamu yangu ilipofika niliinama nikaingia kile chumba kidogo, nikapiga magoti mbele ya bamba la marumaru, na kabla sijakunjua karatasi tukaambiwa tutoke, wengine waingie. Watu ni wengi mno. Nikatoka na majina yangu yote mkononi, nimevunjika moyo.

Nikarudi hadi karibu na mlango mkuu, lilipo Jiwe la Mpako, ambalo kwa mapokeo linakumbusha mahali mwili wa Yesu ulipopakwa manukato kabla ya kuzikwa. Nilikuwa nimelipita bila kulijali. Kiongozi wetu alishatueleza kwamba bamba lile liliwekwa mwaka 1810, kanisa lilipojengwa upya baada ya moto wa 1808. Isitoshe, nimelelewa katika kanisa lisilobusu mawe.

Hapo palikuwa na mama mmoja wa makamo. Alitoa mkobani shati la mtoto, limefuliwa hadi kola imepauka. Akalitandaza juu ya jiwe, akainyoosha mikono ya shati mmoja mmoja, kama mtu anayemlaza mtoto. Akamimina mafuta kiganjani, akalipangusa taratibu, midomo ikicheza bila sauti. Hatukuwa na lugha moja. Sikuweza kumuuliza mwenye shati ni nani, wala kama yu hai.

Siku mbili kabla tulikuwa Kapernaumu. Nilipiga picha misingi ya mawe meusi, nikaondoka. Sasa, nikimtazama yule mama, ndipo nilipokumbuka habari ya pale: watu wanne wanaezua paa na kumshusha mwenye kupooza, na Marko anaandika kwamba Yesu “alipoiona imani yao” alimsamehe yule mgonjwa. Imani yao! Nimeisoma sura ile tangu utotoni, na neno hilo lilikuwa halijanigusa. Miaka yote nimemhesabia kaka yangu imani aliyoipoteza. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kushika pembe moja ya godoro lake, nikabeba.

Je, ilihitajika safari ndefu namna ile ili nilione neno moja? Kwangu ilihitajika.

Nikapiga magoti upande wa pili wa jiwe, nikaikunjua karatasi, nikayasoma majina yote. La kaka nililitaja mara mbili. Mama yule akaniona, akanisogezea kichupa chake cha mafuta.

Kaka bado hajaanza kusali. Karatasi naiweka ndani ya Biblia, kwenye Marko 2, na doa la mafuta limeshapenya hadi ukurasa wa pili.