Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya safarini kwa ajili ya dunia pepe

SWALI: Ndugu mhariri, kazi yangu hunilazimu kulala mbali na nyumbani karibu nusu ya kila mwezi, na jioni zangu nyingi huzimalizia Second Life, dunia pepe ya kwenye intaneti, ambako nina kiwanja, marafiki wa miaka mingi na duka dogo la nguo za avata, yaani miili ya kuchorwa tunayoivaa humo. Nyumbani natumia kompyuta ya mezani na sina malalamiko. Safarini nabeba kompyuta mpakato ya ofisini, nyembamba, ambayo huwaonyesha wenzangu wakiwa mawingu kwa dakika kadhaa, kisha feni huanza kuvuma na picha huenda kwa kwikwi. Fedha nilizonazo zinatosha mashine ya bei ya chini au ya kati. Muuzaji mmoja ananishauri nitafute RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nyingi kadiri inavyowezekana. Mwingine ananionyesha mashine ya michezo nzito kama tofali. Nimsikilize nani?
Msafiri

JIBU: Ndugu Msafiri, wauzaji wote wawili wamegusa jambo la kweli, lakini inaonekana hakuna aliyekuuliza mashine hiyo unakwenda kuifanyia nini. Tuanze hapo.

Second Life, iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, haifanani na mchezo wa kawaida wa kompyuta. Katika mchezo wa kawaida, wachoraji wa kampuni hupima kila picha mapema wakijua itaonekana kwenye mashine za namna gani; huku, karibu kila kitu, kuanzia ukuta hadi hereni, kimetengenezwa na wakazi wenyewe, na hukufikia kwa intaneti pale unapoingia mahali. Fundi wa hereni anataka hereni yake ing'ae, kwa hiyo huivika picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Picha moja ya ukubwa huo, ikishafunguliwa ndani ya kumbukumbu ya kadi ya michoro (kifaa kinachochora picha za kwenye skrini), huweza kuchukua megabaiti 4. Avata aliyejipamba kwa picha 50 za namna hiyo anabeba megabaiti 200 peke yake, na wakikusanyika 20 kama yeye kwenye ukumbi wa dansi, gigabaiti 4 zimekwisha kabla hujahesabu sakafu, taa wala kuta. Kumbukumbu ikijaa, programu hupunguza ubora wa picha ili mambo yaendelee, na nguo uliyoihangaikia wiki nzima huonekana kama imefutwafutwa kwa kidole.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niweke mbele kumbukumbu ya kadi ya michoro kuliko jina la kadi yenyewe. Gigabaiti 4 ni kiwango cha kuvumilia tu, 6 zinakutosha, na 8 ni raha. Kadi ya GeForce RTX 3050 ya kompyuta mpakato imeuzwa ikiwa na gigabaiti 4 na pia ikiwa na 6, kwa hiyo usitosheke na kibandiko kilichobandikwa karibu na kibodi. Fungua maelezo ya mashine uone namba. RTX 4050 ina gigabaiti 6, nayo kwa mfuko kama wako ndiyo ningeitafuta kwanza, hata ikiwa imetumika.

Kadi ya michoro iliyomo ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta) si ya kudharauliwa kama zamani. Radeon 680M na 780M, kwa mfano, huendesha mahali patulivu bila shida, na mashine zake huwa nyepesi na kimya. Lakini hazina kumbukumbu yao. Hukopa kutoka RAM, na hapo ndipo muuzaji wako wa kwanza alipopata nusu ya ukweli. Mashine ya aina hiyo iwe na gigabaiti 16 au zaidi, na ikiwa RAM yake ni ya vipande vya kuchomeka, viwe viwili vinavyofanya kazi sambamba, kwa sababu kipande kimoja hubana njia ambayo prosesa na michoro vinaigombania. Kwa mashine yenye kadi yake ya michoro, gigabaiti 16 zinatosha, na fedha ya kuongeza hadi 64 ni heri uitumie kwingine.

Kuhusu prosesa, sehemu kubwa ya kazi ya programu ya Second Life hupita katika uzi mmoja mkuu, yaani mfululizo mmoja wa hatua zinazofuatana, hivyo wingi wa viini (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) hausaidii kama kasi ya kiini kimoja. Prosesa ya viini 6 ya miaka ya karibuni inaweza kuishinda ya viini vingi iliyozeeka. Kwa zile za Intel zenye herufi mwishoni mwa namba, U kwa kawaida ni ya kubana umeme na H ni ya kufanya kazi nzito.

Sasa nije kwenye jambo ambalo matangazo hulipita kimya. Kadi mbili zenye jina lilelile zinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa, kwa kuwa mtengenezaji wa mashine ndiye anayeamua kadi ipewe wati ngapi. RTX 4060 ya kompyuta mpakato inaruhusiwa kupangiwa kuanzia wati 35 hadi 115. Ndani ya boma jembamba lenye feni moja, hata wati hizo chache hugeuka joto lisilo na pa kutokea, na mashine hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo, ukiruhusiwa kuijaribu, usiridhike na dakika ya kwanza. Ingia mahali penye umati, simama hapo robo saa, kisha linganisha idadi ya fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde ya mwanzo na ya mwisho. Ikiwa ilianza na 45 ikaishia 20, mrudishie mwenyewe. Shika pia sehemu ya kibodi iliyo juu ya herufi W. Ikiwa kidole hakikai, utaishi na joto hilo kila jioni.

Mzigo nao upime ukiwa mzima. Mashine ya kilo 2 yenye chaja ya wati 230 si mashine ya kilo 2, kwa sababu chaja hiyo peke yake ni kipande cha tofali ulilolikataa. Uliza kama mashine hupokea umeme wa USB-C wa wati 100: kwa kazi za mchana chaja ndogo itakutosha, ingawa jioni ya dansi utaitaka ile kubwa. Usitarajie kucheza kwa betri. Betri ya wati-saa 60 inayolisha mashine inayokula wati 80 haifiki saa moja, na mashine nyingi hupunguza nguvu ya michoro mara tu unapochomoa waya. Kwa wanaopanda ndege, betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali cha shirika. Ikizidi hapo, uliza kabla ya safari.

Mambo madogo matatu. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inakufaa kuliko ya 2560 kwa 1600, ambayo huidai kadi yako karibu mara mbili ya pikseli. Ila kwa kuwa unauza nguo, epuka skrini zenye rangi zilizopauka, ambazo ni ugonjwa wa mashine nyingi za michezo za bei ya chini. Ukinunua iliyotumika, hakikisha inakubali Windows 11, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na kama unavutiwa na Mac, fahamu kwamba programu hii imejengwa juu ya OpenGL, mfumo wa kuchora picha ambao Apple ilitangaza mwaka 2018 kuwa haitauendeleza tena.

Mawingu uliyoyataja ni kesi nyingine. Avata hubaki wingu mpaka taarifa zake zifike, kwa hiyo mara nyingi kosa ni la intaneti ya mahali ulipofikia, na hata mashine ghali itakuonyesha mawingu yaleyale. Kwikwi ndiyo ya mashine, nayo unaweza kuanza kuitibu usiku wa leo: shusha umbali wa kuona kutoka mita 256 hadi 64, na eneo linalochorwa litapungua hadi sehemu moja ya kumi na sita, zima vivuli, punguza idadi ya avata wanaochorwa kikamilifu.

SWALI: Mume wangu ana tatizo kama hilo, naye anadai hana haja ya kununua chochote, kwamba ataiacha kompyuta ya nyumbani ikiwaka na kuitumia akiwa mbali. Je, inawezekana?
Mke wa mchezaji

JIBU: Inawezekana, mama, na ningemshauri hata Msafiri ajaribu hivyo wiki moja kabla hajafungua pochi. Programu kama Parsec, au Sunshine upande wa nyumbani na Moonlight upande wa msafiri, huifanya kompyuta ya nyumbani ichore, kisha itume picha kama video, na mashine nyembamba ya ofisini huimudu video bila feni kupiga kelele. Sharti ni kasi ya kupakia ya nyumbani, si ya kupakua ambayo kampuni za intaneti hupenda kuitangaza. Megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde zinazotulia hutoa picha nzuri. Akiwa mbali sana kila hatua ya avata itachelewa kidogo, jambo linalovumilika katika mazungumzo na ununuzi, lakini linaloudhi katika kujenga. Kabla hajaondoka, aingie kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na kuiamuru kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, la sivyo atakuwa anakupigia simu usiku ukabonyeze kitufe.